Tupeane uzoefu: tangawizi kwenye tiba za jadi, na vipimo vyake

Wakuu, tuweke hapa matumizi ya tangawizi kama dawa, lakini kwa vipimo. "Chemsha unywe" haimsaidii mtu.

Naanza na linalosahaulika: mbichi na kavu si dawa moja. Tiba ya jadi ya China inazipa majina mawili. Sheng jiang ni mbichi, ya mafua yanayoanza na kichefuchefu. Gan jiang ni kavu, ya tumbo lenye baridi. Tangawizi ikikauka, sehemu ya jinjeroli, kemikali inayoipa ukali, hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kwa hiyo usibadilishe kijiko cha mbichi kwa kijiko cha unga.

---

Nimuongezee mkuu hapo juu, upande wa mbichi. Kipande cha kidole gumba, gramu 10 hivi, kwa vikombe viwili vya maji. Ganda likwangue kwa ukingo wa kijiko. Kisu kinaondoka na nyama. Kata vipande vyembamba, uviponde kidogo kwenye kinu. Maji yakichemka tia, punguza moto, FUNIKA, dakika 10. Yale matone chini ya mfuniko yakung'utie humo humo sufuriani, yana harufu yote. Asali isubiri mpaka kinywaji kinyweke, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

---

Wanaopikia maziwa: yakikatika, msilaumu maziwa. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachoyagandisha. Ichemshe kwanza kwenye maji dakika 5, kimeng'enya kife, ndipo umimine maziwa.

---

Kavu sasa. Kata vipande vya milimita 3, anika penye hewa mpaka ukikunja kimoja kinakatika kwa mlio, ta! Kikipinda tu bado kina maji, na ndani ya chupa kitaota ukungu. Hapo usichambue, mwaga vyote. Ayurveda, tiba ya jadi ya India, huchanganya unga wa tangawizi hii kavu na pilipili manga na pilipili ndefu (pippali, ndugu wa pilipili manga, si pilipili hoho wala kichaa), vipimo sawa, wakaita trikatu, kwa chakula kinachogoma kusagika. Ni kali kwelikweli. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia aiache.

---

Naomba hili lisomwe na kila mtu. Ile "tangawizi mwitu" iliyotumiwa na wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, Asarum canadense, si ndugu wa tangawizi hata kidogo. Inafanana harufu tu. Ina asidi ya aristoloki, inaua figo na inaleta saratani. Msiinywe hata kama imeandikwa ni ya asili.

Na hii yetu ya kawaida: anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe kwenye nyongo, amuone daktari kabla ya kuinywa kama dawa. Mjamzito mwenye kichefuchefu, kiasi kinachotajwa sana ni gramu 1 ya unga kwa siku nzima, igawanywe mara 3 au 4, na mkunga wake ajue.