Sapu ya famakolojia Ujerumani: hizo mara tatu ni zipi?

Kutoka: Binti wa Moshi, muhula wa 6 wa udaktari

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo.

Matokeo ya famakolojia, somo la dawa, yametoka na nimekula sapu. Marudio ni mwanzoni mwa likizo. Hilo nitapambana nalo, ila maneno ya kundi la WhatsApp yananikosesha usingizi. Mmoja anasema ukianguka mara tatu umedisko Ujerumani nzima, hakuna chuo kitakachokupokea. Mwingine anasema hiyo ni kwa mtihani wa taifa peke yake. Baba naye, mhasibu wa Mzumbe, kila akipiga simu anauliza nimefikisha krediti ngapi, na mimi sina namba ya kumpa kwa sababu huku sijasikia mtu akizihesabu. Juu ya hayo nina zamu za wikendi kwenye nyumba ya wazee, na mwalimu wa semina amenionya kuhusu mahudhurio. Mwenye kujua anifafanulie, kipi kinahesabiwa wapi?

Kutoka: Daktari wa Kassel

Marahaba mwanangu, na pole. Kundi lenu limechanganya daftari mbili.

Daftari la kwanza ni la kitivo chako. Kanuni ya taifa ya leseni za udaktari, ile ya 2002, inadai uwe na vyeti vya masomo vyenye alama kabla hujaruhusiwa kukaa mtihani wa pili wa taifa. Ndizo hizo shaini mnazozikimbilia. Na famakolojia imewekwa humo mara mbili. Kuna Famakolojia na Toksikolojia kama somo linalojitegemea, halafu kuna Famakolojia ya Kitabibu na Tiba kwa Dawa, ambayo ni namba 9 katika yale maeneo mtambuka 14. Kuwa na moja hakukuondolei nyingine. Niliwahi kumwona mtu amejiandaa kwa mtihani wa taifa huku akidhani zote ni kitu kimoja, nusura akwame.

Sasa, kanuni ya taifa haisemi shaini unaweza kuirudia mara ngapi. Kila chuo kimejiandikia chake. Vingi vinatoa nafasi tatu, na kwingine ya tatu ni ya mdomo. Kwa hiyo acha kuuliza kundini, fungua kanuni za masomo za kitivo chako, toleo linalokuhusu wewe kwa mwaka ulioanza. Angalia vitu viwili: idadi ya marudio, na kama kutokujiandikisha kwa marudio kunahesabiwa kama kuanguka. Hicho cha pili ndicho kinachowaumiza watu kimya kimya, maana kwenye baadhi ya vyuo mfumo unakuandikisha wenyewe, kwingine lazima ubonyeze mwenyewe.

Daftari la pili ni la ofisi ya mitihani ya jimbo. Mtihani wa kwanza wa taifa hauna famakolojia kama somo. Inaingia kwenye wa pili: maswali 320 yanayotungwa na IMPP, taasisi ya mitihani ya taifa kule Mainz, siku tatu, kwa muda wa saa tano kila siku, kila swali majibu matano na sahihi ni moja. Kupita ni asilimia 60, yaani maswali 192. Ila kuna ahueni: wakichukua wastani wa waliokaa kwa mara ya kwanza ndani ya muda wa kawaida wa masomo, na wewe hukushuka chini yao kwa zaidi ya asilimia 22, umepita hata kama hukufikisha 192. Wastani ukiwa 240, hesabu inatoa 187.2, kwa hiyo 188 inatosha.

Mtihani huu unarudiwa mara mbili tu, jumla nafasi tatu. Ya tatu ikigoma, hata ukienda kuanza mwaka wa kwanza chuo kingine hawakuruhusu tena. Hiyo ndiyo mara tatu ya Ujerumani nzima. Sapu yako ya sasa haiingii humo.

Kutoka: Mama Neema, Bochum

Daktari kamaliza, mimi naongeza la ugonjwa, kwa sababu Waafrika tunajikaza mno.

Mdogo wangu, ukiamka na homa siku ya mtihani wa taifa usiende "kujaribu bahati". Taarifa inapelekwa ofisi ya mitihani mara moja, na cheti cha daktari, na wana haki ya kukutaka uende kwa daktari wanayemtaka wao. Wakikubali sababu yako, ni kama hukuandikishwa. Usipotokea bila sababu wanayoikubali, umeanguka. Na ukifanya mtihani, ukaona matokeo, ndipo ukumbuke kwamba ulikuwa unaumwa, hapo sahau. Mtihani wa kitivo nao una utaratibu wake, lakini cheti cha siku ileile hakijawahi kumdhuru mtu.

Kuhusu zamu: tangu Machi 2024 mwanafunzi mwenye kibali cha masomo anaruhusiwa siku 140 nzima kwa mwaka, au nusu siku 280. Zamu yenye urefu wa saa nane ni siku nzima, usijidanganye kuwa ni nusu kwa sababu ulikuwa umekaa tu na bibi anaangalia televisheni. Mafunzo ya lazima ya hospitali hayaingii kwenye hesabu hiyo. Semina ikigongana na zamu, kaa semina. Bila mahudhurio hupewi shaini hata kama mtihani umepata alama ya kwanza.

Kutoka: Kaka wa Mwanza, nimerudi Dar

Nimjibu mzee. Mwambie Baba kwamba udaktari wa Ujerumani haumalizwi kwa kujumlisha krediti. Ukitaka kumpa namba atulie: kwa mfumo wa Ulaya, ECTS, mwaka mmoja wa masomo ni pointi 60, na pointi moja ni saa 25 hadi 30 za kazi, ya darasani na ya nyumbani pamoja. Sheria ya Umoja wa Ulaya yenyewe inautazama udaktari kwa miaka na saa: si chini ya miaka mitano na saa 5,500. Mhasibu ataelewa.

Ila swali lake si la kijinga. Siku utakapopeleka shahada TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, itambuliwe, au ukitaka kwenda muhula mmoja nchi nyingine, watu watataka orodha ya masomo, saa na alama. Omba ofisi ya kitivo ikutolee sasa, kwa Kiingereza, yenye mhuri, wakati bado uko hapo na katibu anakujua sura. Kuiomba kutoka Dar kwa baruapepe ni mateso.

Kutoka: Binti wa Moshi

Asanteni sana wakubwa. Nimefungua kanuni: nafasi tatu, na marudio lazima nijiandikishe mwenyewe, mwisho Ijumaa. Nimeshabonyeza. Swali la mwisho: kusoma madesa ya miaka ya nyuma kunatosha?

Kutoka: Daktari wa Kassel

Kwa mtihani wa kitivo madesa yanasaidia, maana mwalimu yuleyule hupenda maswali yaleyale. Kwa wa taifa, hapana. IMPP hawakuulizi tu jina la dawa. Wanakupa mgonjwa mwenye pumu na shinikizo la damu, halafu unachagua ipi usimpe. Kwa hiyo panga kwa makundi na utaratibu wa kufanya kazi: ukielewa kwa nini propranololi, dawa ya shinikizo la damu, inabana njia za hewa, maswali mengi yanajijibu. Anza na dawa za mfumo wa neva usio wa hiari, moyo, na za kuzuia damu kuganda. Jifunze majina ya viambata, ya kibiashara achana nayo.

Na ombi la kukaa mtihani wa taifa lazima liwe limefika ofisini kufikia tarehe 10 Januari au 10 Juni. Limefika, si limetumwa posta.