Mdogo wangu ana miaka 17 na anataka kununua kirikuu (gari dogo la mizigo). Kadi ya gari tuandike jina la nani?

DadaMkubwa_Nzuguni
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, hasa kwa wanaojua sheria.

Mdogo wangu amemaliza kidato cha nne, mwezi wa tano mwakani anatimiza 18. Tangu baba afariki yeye ndiye anasimamia shamba letu la zabibu kule Hombolo, na hela yake anaitunza kuliko watu wazima wengi ninaowajua. Sasa amepata kirikuu kwa mtu wa Chang'ombe hapa Dodoma, milioni saba na nusu. Bila kuniambia ametanguliza milioni mbili, wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari, shahidi ni dalali. Muuzaji anasema hela ikikamilika achukue gari, ila kadi ibaki kwa jina la muuzaji mpaka kijana afikishe umri. Anamharakisha kwa kuwa mavuno ya Februari yamekaribia.

Sitaki kumvunja moyo, hiyo hela ni jasho lake. Ila roho yangu imegoma. Karatasi ile ina nguvu yoyote?

Mtemi_Bahi
Mbukwenyi. Dada, hapa mjini wangapi wanatembelea magari yenye kadi za watu? Lipeni, akifika 18 mnabadilisha. Mbona rahisi.

WakiliKijana_Dom
Mtemi, hapo unampoteza dada wa watu.

Nianze na karatasi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka anayeingia mkataba awe ametimiza umri wa utu uzima, na huku Bara ni miaka 18. Makubaliano na aliye chini ya hapo ni batili. Mdogo wako hana kosa kwa hilo, lakini muuzaji akipata kesho mtu mwenye bei nzuri zaidi, hamna mkataba wa kumbana nao. Mtabaki kudai milioni mbili zirudi, huku shahidi wenu ni dalali anayekula kwa muuzaji.

Hilo la kadi ndilo linanitia hofu zaidi. Kwa TRA, mamlaka ya mapato inayosajili magari, gari ni la aliyeandikwa kwenye kadi. Akifariki, linahesabiwa kwenye mirathi yake na warithi watakuja kulidai. Akidaiwa, linaweza kukamatwa. Na siku hizi kuna watu wanaweka kadi rehani kwenye mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, halafu gari lenyewe wanaliuza pembeni. Ioneni kadi halisi kwa macho yenu, siyo picha ya WhatsApp, na mlinganishe namba ya chesesi na ya injini na zilizo kwenye gari.

Kijana mwenyewe hawezi kuandikwa sasa. Kuhamisha umiliki kunataka TIN, yaani namba ya mlipakodi, TIN inataka namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho cha NIDA ni cha aliyefikisha 18. Ama msubiri Mei, ama ununue wewe: mkataba mpya, wewe ndiye mnunuzi, mbele ya wakili, na kadi ihamie kwako mara moja. Halafu muandikiane ninyi kwa ninyi kwamba hela ilitoka kwake na utamhamishia akifika umri, mama na baba mdogo wasaini. Tafadhali usione ni kutoaminiana. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa sababu ya mali ambayo haikuandikwa.

DadaMkubwa_Nzuguni
Asante sana wakili. Na kuendesha je? Anajua, alifundishwa na jirani, na njia ya shambani haina trafiki wengi.

AskariMstaafu
Binti yangu, kujua usukani siyo leseni, na leseni ya gari hapati kabla ya 18. Kadi ikiwa kwa jina lako ukamwachia ufunguo, Sheria ya Usalama Barabarani inakugusa na wewe uliyemruhusu.

Lakini faini ni jambo dogo. Bima ndogo ni lazima kisheria, ipo kwa ajili ya watu mtakaowaumiza, na masharti yake yanataka dereva awe na leseni. Akigonga mtu, kampuni inaweza kukugeukia wewe mwenye gari uirudishie ilicholipa. Shamba la baba yenu ndilo litauzwa. Na hiyo njia isiyo na trafiki inapitwa na watoto wa shule asubuhi na jioni.

MkulimaHombolo
Februari kodini kirikuu ya kubebea mzigo, sisi wengi ndivyo tunafanya. Zabibu zetu tunavuna tena Agosti na Septemba. Kufikia hapo atakuwa ametimiza umri, amepita chuo cha ufundi VETA kujifunza udereva, ana leseni yake. Kwa kuwa ni gari la biashara aombe daraja D, na akitaka kubeba mizigo ya watu kwa malipo aende kwanza LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini.

DadaMkubwa_Nzuguni
Nimerudi. Tumekwenda kwa muuzaji na baba mdogo. Amekubali mkataba uandikwe upya kwa jina langu, ila kadi hajatuonyesha, anasema iko kwa ndugu yake Singida. Kijana amenuna ila ametuelewa.

WakiliKijana_Dom
Basi msiongeze hata shilingi mpaka kadi ifike mkononi. Wakati mnasubiri, angalieni kwa namba ya gari kama lina madeni ya faini kwenye mfumo wa polisi. Mpeni muuzaji barua, mbele ya mwenyekiti wa mtaa wake, yenye tarehe ya mwisho ya kuleta kadi, na kwamba ikipita hiyo tarehe anarudisha milioni mbili. Nakala ibaki kwako, aisaini.