Naomba ushauri: landlodi anasema ni yeye kwa komiki yangu

Jameni habari zenu, mimi naandika komiki hapa Kisumu, stori yangu michoro yangu, kurasa 24 juu karatasi ikikunjwa na kupigwa pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa 4, ukiongeza moja unalipia zingine tatu tupu. Sasa shida. Adui wa stori ni tajiri mmoja wa Kondele anayekatia wapangaji maji, na landlodi wangu amesoma, akahesabu ata meno, akaona pengo liko kushoto kama lake, ati huyo ni yeye. Kusema ukweli hapo wino ulinimwagikia tu!

Ajabu hajakasirika, anataka kopi tano za bure apelekee mashemeji, na toleo lijalo nimpe gari kubwa. Na mimi nilishapanga azame na boti pale Dunga. Wasomaji wengine nao (hao ndio wananimaliza) wanauliza tu mbona shujaa anaendesha boda bila helmeti.

Kodi niko nyuma miezi miwili. Nimuue ama nimwache aishi hadi nilipe? Na hizo kopi tano, naeza kuzikata kwa kodi?