Wastani wangu wa dagaa unachekwa mwaloni. Nianze na takwimu au na kuprogramu?

KaraniWaMwalo

Wakuu, mwangaluka. Mimi ni karani wa mwalo, upande wa Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria. Alfajiri mitumbwi ikirudi nakaa na daftari: jina la mtumbwi, ndoo ngapi za dagaa, bei ya ndoo siku hiyo. Miaka mitatu sasa, nimejaza madaftari manne makubwa. Moja lililowa masika, kurasa za katikati zimeshikana kama chapati.

Mwaka huu nimepata kompyuta ya mtumba, RAM 4 tu. Kijana wa steshenari akaniwekea R, programu ya kompyuta ya kufanyia hesabu za takwimu, akasema dada hii inatosha. Nikaingiza mwezi mmoja wa mitumbwi 7 ambayo huwa naiwahi, mistari 210. Nikaandika mean(ndoo), amri ya wastani, ikanijibu 8. Nilifurahi mno. Nikaenda kumwambia tajiri mbele ya wavuvi kwamba wastani wa mtumbwi kwa siku ni ndoo 8.

Walicheka hadi wa mwisho akakaa chini kwenye nyavu. "Nane? Nani alirudi na nane giza lile? Huyo alikuwa amelala." Tangu siku hiyo naitwa Mama Nane. Na kinachoniuma ni kwamba nikifungua daftari, kweli nane zenyewe ni za kutafuta.

Sasa naomba ushauri. Niache kompyuta kwanza nisome takwimu (hesabu mara ya mwisho ni kidato cha nne, nilipata D), au nikomae na kuprogramu kwanza, takwimu zitanifuata? Wengine wananiambia hamia Python, lugha nyingine ya kuprogramu. Video za mafunzo zinamaliza bando kabla sijaelewa kitu.

mjukuu_wa_Capripoint

Python mama, R ni ya wazee. Ajira zote ziko Python.

Mwl_Nyegezi

Kijana hapo juu, huyu dada hajaomba ajira, anayo. Anataka kuacha kuitwa Mama Nane.

Dada, baki na R. Ross Ihaka na Robert Gentleman waliianza miaka ya 1990 chuo kikuu cha Auckland, New Zealand, wakiwa walimu wa takwimu wanaotafuta kitu cha kufundishia. Kwa hiyo imetengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Ni ya bure, na ukishaiweka haikudai bando. Python nayo ni nzuri, siku ukiihitaji utaikuta pale pale.

Lakini kabla ya hayo yote nijibu kitu kimoja. Siku za mbalamwezi mitumbwi haikutoka. Hizo ulijazaje?

KaraniWaMwalo

Shikamoo mwalimu. Nilijaza 0. Si hawakupata kitu?

Mwl_Nyegezi

Marahaba. Hapo ndipo nane yako ilipozaliwa.

Dagaa anafuata taa. Mwezi ukiwaka ziwa zima ni taa, karabai yako haimvuti mtu, watu wanashona nyavu nyumbani. Mwezi wako ulikuwa na siku 30, tuseme 10 hawakutoka. Mitumbwi 7 kwa siku 10 ni sufuri 70 ulizoziandika kwa mkono wako. Mistari 140 iliyobaki ndiyo uvuvi wenyewe. Ukiwa na jumla ya ndoo 1,680, gawanya kwa 210 upate 8, gawanya kwa 140 upate 12. Waulize wavuvi kama 12 wataicheka.

Kwenye R pale ambapo mtumbwi haukutoka andika NA, maana yake hakuna kipimo. Mtumbwi uliotoka ukarudi mtupu, huo ni 0 halali, usiuguse. Ukishaweka NA, mean itakujibu NA na utadhani umeharibu. Hujaharibu. Inakuuliza hizi zisizojulikana nizifanyeje? Ongeza na.rm = TRUE uiambie iziruke.

Na usiitupe nane. Tajiri akitaka kujua mwezi mzima mtumbwi mmoja unamletea nini, 8 mara siku 30 ni 240, na 12 mara 20 ni 240 ile ile. Nane ilikuwa jibu la swali la tajiri, wewe ukaipeleka kwa wavuvi.

Sasa kuhusu kipi kianze: kwa usiku mmoja umegusa wastani, na umegusa tofauti ya sufuri na kukosa taarifa, ambayo mimi chuoni niliipata mwaka wa pili. Ungekuwa na kikokotoo tu ungezigawa kwa 210 ukaenda kulala. Endelea na vyote viwili, daftari lako likiwa kitabu cha mazoezi.

Kisiwani_Ukerewe

Naongezea ya mwalimu. Usiombe wastani kabla hujachora. Andika hist(ndoo), itakuchorea nguzo zinazoonyesha kila idadi ya ndoo imetokea mara ngapi, uangalie. Kwa mwezi ule ungeona nguzo imesimama peke yake kwenye sufuri, halafu pengo, halafu kilima cha kuzunguka 12. Picha ya namna hiyo inakwambia umechanganya vitu viwili kwenye gunia moja. Mimi hufanya hivyo na mahindi ya shambani, kila mara kuna kitu cha kushangaza, na mara nyingi ni ujinga wangu mwenyewe.

KaraniWaMwalo

Wakuu nimerudi. Nimeweka NA, imekuja 12 na point kidogo. Nimeisema mwaloni, hakuna aliyecheka, mmoja akasema "hiyo hata mimi naijua." Nimeichukua kama sifa.

Nikaingiza mwezi wa pili. Kuna usiku mmoja wastani ukawa 20. Nikachora kama alivyosema wa Ukerewe, nikaona kijiti kimoja kimekaa mbali kabisa kulia, kama mtu aliyenuniwa. Mitumbwi saba: 8, 9, 11, 12, 14, 15, 71. Nikafungua daftari, ni 17. Vidole vyangu viliigeuza. Nikasahihisha, wastani ukashuka hadi 12.3. Nikajaribu pia median(ndoo), ile namba inayokaa katikati ukizipanga, yenyewe ilikuwa 12 kabla na 12 baada, haikutikisika. Nimeipenda.

Ila sasa nina wasiwasi mwingine. Mwaloni kwetu ina mitumbwi kama 40. Mimi nawahi 7. Hizi 7 zinaniambia ukweli wa 40?

Mwl_Nyegezi

Swali hilo lilimsumbua William Gosset, bwana wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, aliyekuwa na sampuli ndogo ndogo. Alichukua vipimo vya watu 3,000, akaviandika kwenye kadi, akazichanganya, akazigawa nne nne, akaangalia wastani wa kila kundi unavyoyumba. Matokeo aliyachapisha 1908 kwa jina la Student. Hakuwa na kompyuta, alikuwa na kadi na subira.

Wewe una R. Tafuta usiku mmoja tu, msaidizi akusaidie, muandike mitumbwi yote 40. Kisha amri ya sample iokote 7 bila kuchagua, uchukue wastani. Amri ya replicate irudie mara 1,000. Chora hizo wastani 1,000. Upana wa kilima utakachokiona ndio kiasi ambacho saba zako zinaweza kukudanganya. Fomula yake ipo, utaisoma baadaye, na ukiisoma utakuwa tayari umeshaiona kwa macho.

baharia_wa_Kayenze

Mimi sio mtu wa kompyuta, nimepita tu. Dada umesema mitumbwi 7 ambayo "unaiwahi". Ina maana ndiyo inayorudi mapema?

Basi mimi kama mvuvi nakwambia, anayerudi mapema ni mmoja kati ya wawili. Ama kajaza haraka, ama taa imemzimikia katikati ya usiku. Sisi wa katikati tunaovua mpaka kunakucha unatukuta umeshaenda kunywa chai. Hutuandiki kabisa.

Mwl_Nyegezi

Ndugu wa Kayenze, kaa hapa hapa usiondoke. Dada, hilo R haiwezi kukurekebishia. Sample inaokota bila upendeleo, wewe unaokotewa na jua. Hata ukiandika miaka kumi, kosa litabaki pale pale, tena utazidi kuliamini.

KaraniWaMwalo

Nimecheka peke yangu, maana chai ni kweli.

Nimefanya hivi. Vizibo 40 vya soda, kila kimoja nimeandika namba ya mtumbwi kwa kalamu ya wino. Jioni kabla hawajatoka naweka kwenye kopo, natikisa, mtoto wa mama lishe anachomoa saba. Hizo ndizo nitakazozisubiri hata zikirudi saa tatu asubuhi. Chai nitaletewa.

Ule usiku wa mitumbwi yote 40 tumeufanya Jumanne. Replicate imenipa wastani nyingi kati ya 10 na 15, chache zimechomoka nje. Kwa hiyo nikisema 12 nataja na hizo pembeni.

Tatizo jipya ni moja. Watu wanaona kopo linatikiswa kila jioni, wamejua ni bahati nasibu. Jana mtumbwi namba 23 umechomolewa mara ya pili mfululizo, nahodha wake amekuja dirishani kwangu kuulizia zawadi.