Tupeane uzoefu: Kufundisha kiimbo cha Kiingereza bila darasa zima kupiga kelele

Mwalimu wa Ngamiani
Walimu wenzangu, hamjambo. Juzi nilikuwa darasa la sita, nafundisha kiimbo, yaani sauti inavyopanda na kushuka katika sentensi, kwa "Are you ready?" Nikawaambia, hapa mwishoni pandisheni sauti. Watoto sitini na ushei wakapiga "READY!" mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja dirishani, chaki mkononi, kuuliza kuna nini. Kosa langu. Kwa mtoto wa hapa Tanga ukisema pandisha sauti umemwambia apige kelele, basi. Nyinyi mnatumia neno gani? Mishale ya juu na chini nimeshachora ubaoni, wanainakili vizuri sana kwenye daftari, mdomoni hamna kitu.

Bi Raskazone
Hahaa, pole mwalimu. Mimi hiyo "pandisha" nimeiacha kabisa. Naanza na "ee". Mwite mtoto, ataitika "Ee?" Muulize kama amekula, atasema "Ee." Neno lilelile, na hakuna hata mmoja anayekosea. Halafu "Amekuja" na "Amekuja?", herufi haikubadilika hata moja, kiimbo peke yake ndicho kilichouliza. Wakishacheka wakaelewa, ndipo naleta "Is he here?" Wanaivumisha kwanza midomo imefumbwa, mm-mm-mm, ili kelele zikose pa kutokea.

Kidato cha Kwanza, Muheza
Kwangu walishajua kupandisha, tabu ni kwamba wanapandisha kila penye alama ya kuuliza. "Where are you going?" juu! "What is your name?" juu! Na tuseme kweli, tumewafundisha sisi wenyewe: "swali hupanda". Yanayopanda kwa kawaida ni yale ya kujibiwa ndiyo au hapana. Yanayoanza na what, where, when, why, who, how mara nyingi hushuka. Ukimpandishia mtu "Where are you going?" anaweza kudhani alishakujibu ila hukusikia, unataka arudie.
Nilichofanya, niliwaambia waulizane "Unakwenda wapi?" kama wanavyoulizana njiani. "Wapi" ikatua yenyewe. Nikawaambia haya, tueni hivyohivyo kwenye "going".

Konda Mstaafu
Mimi si mwalimu, napita tu. Stendi tulikuwa tunaita "Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, Lushotoo!" Kila kituo unakiacha kinaning'inia, Lushoto ndiyo unaitua. Usipoitua abiria anasubiri, anajua bado kuna kituo.

Mwalimu wa Ngamiani
Konda, wewe ni mwalimu bwana! Leo nimejaribu: "I bought oranges, mangoes, coconuts and salt." Binti mmoja akaiacha "salt" juu, mwenzake wa dawati akamgeukia: "Na nini tena?" Sikuwa na la kuongeza.

Chumbageni B
Mtihani hauulizi hayo. Nina mada tisa za kumaliza kabla ya likizo.

Bi Raskazone
Hauulizi kweli, lakini wakifika kidato cha kwanza masomo karibu yote ni Kiingereza, watamsikiliza mwalimu kwa masikio gani?

Pangani Mjini
Nyongeza. Angalieni mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi, kabla ya kiimbo. Kiswahili mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, nao wanauhamishia huko. "Is he a carpenter?" sauti inatakiwa ianze kupanda kwenye "car", wangu wanaanzia "pen". Unasikia kabisa wimbo umepanda, ila umepanda pasipo pake. Siku hizi tunagonga dawati mara moja tu, kwenye silabi yenye mkazo, sauti igeukie hapo. Madawati yanalalamika lakini yanafanya kazi.
Kilichonishinda mimi ni "You're from Pangani, aren't you?" Ukiishusha, unajua tayari, unataka tu nikubali. Ukiipandisha, unauliza kweli. Niliwapa "Wewe wa Pangani, siyo?" wakaipatia zote mbili, za kujua na za kuuliza. Nikahamia "aren't you", wote wakarudi kuipandisha. Kijana mmoja akaniambia, "Mwalimu, si ina alama ya kuuliza?" Aliyewahi kuvuka hapo aseme alivukaje.