Gundi ya mbao: iliyowaangusha na iliyowafaa, tupeane uzoefu

Fundi Keko: Wakuu, leo nimeletewa kiti cha mninga, miguu yote inacheza. Nimechomoa ulimi, ile ncha ya mbao inayoingia kwenye tundu, gundi imetoka nzima kama ukoko, mbao chini kavu, haikunyonya kitu. Aliyekiunga hakupangusa vumbi la msasa. Imeniuma sana, mninga mzuri ule. Leteni ya kwenu.

Mama Makabati: Vumbi! Hapo umenena.

Dada Fomeka: Mimi nina la ile gundi ya njano ya fomeka, yale mabamba membamba magumu ya kufunika kaunta. Tulikuwa tunabandika kaunta ya duka, nje mvua, bosi kafunga milango yote. Gundi ile unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa hainati. Tukiwa tunasubiri, mama lishe wa chumba cha pili akawasha jiko. Ukuta wenyewe plaiwudi, chini una uwazi. Mvuke wa gundi ile ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni. Moto ukapita chini ya ukuta, ukapanda kwenye kaunta. Mwenzangu alikuwa bado ameshika brashi. Aliungua mpaka viwiko.

Mama Makabati: Mungu wangu. Alipona?

Dada Fomeka: Alipona, ila vidole vya kulia havikunji. Patasi hashiki tena. Fungueni milango jamani, hata mvua ikinyesha.

Tanga Mjini: Pole sana dada. Tukirudi kwenye viti, mimi napiga na msumari. Gundi peke yake siiamini.

Fundi Keko: Msumari kwenye ulimi unapasua mbao! Ulimi ukikaa vizuri na gundi nyeupe, mbao itavunjika kabla ya kiungo.

Tanga Mjini: Hayo ya sebuleni. Lete mlango wako wa nje huku masika tuuone.

Mzee wa Unguja: Msigombane, wanangu. Gundi nyeupe ya kawaida ikilowa inalainika. Mlango unaopigwa na mvua tafuta kopo lililoandikwa D4, alama ya gundi inayohimili maji zaidi. Wa barazani, chini ya paa, D3 yatosha. Na mtiki una mafuta: futa kwa thina, ikikauka paka gundi hapo hapo, usingoje kesho.

Kijana wa Mtiki: Shikamoo mzee. Ndiyo maana meza yangu iliachia! Klempu nibane muda gani?

Tanga Mjini: Nusu saa.

Mama Makabati: Usithubutu, mpaka kesho.

Fundi Keko: Kwa joto la Dar nusu saa unafungua, ila kuranda subiri kesho. Na usikaze mpaka gundi yote ikakimbia.

Limuru: Huku kwetu Julai asubuhi ni baridi, gundi nyeupe inakauka ikawa unga, haishiki. Tunangoja jua kwanza.

Kijana wa Mtiki: Na ikiwa nzito koponi, naongeza maji?

Mzee wa Unguja: Matone tu. Ikishafanya mabonge, tupa.