Tupeane uzoefu: ulianzaje puja (ibada ya Kihindu) ya kila siku nyumbani?

mleta_mada
Wakuu habari za asubuhi. Wale mlioanza puja ukubwani, bila bibi wa kukuonyesha wala nini, mlianzaje na kipi kiliwashinda? Naanza na mimi.

Nilianza kwa mbwembwe. Nikasoma kwamba puja kamili ina hatua 16, shodashopachara, yaani unamkaribisha mungu, unampa kiti, unamwosha miguu, unamwogesha, unamvisha, na kuendelea huko, basi na mimi nikazitaka zote 16, tena ndani ya brahma muhurta, ule muda wa alfajiri wa ibada ambao unaanza dakika 96 hivi kabla jua halijachomoza. Siku ya nne nikasinzia mbele ya sanamu ya Ganesha, yule mungu mwenye kichwa cha tembo, kijiko cha maji kiko mkononi, nakuja kushtuka karatasi yangu ya mantra, maneno ya ibada, imelowa chapachapa wino umesambaa. Siku ya sita sikuamka. Baada ya hapo wiki 3 nzima napita pale kwenye kishubaka naangalia pembeni kama mtu anaedaiwa.

Kilichonirudisha ni kujua kuna ile fupi ya vitu 5, panchopachara: liwa ya msandali, ua, udi, taa na chakula. Basi. Dakika 10 nimemaliza, na mwezi wa nane huu sijaruka. Leteni zenu.

mgeni_wa_juzi
Hapo kwa anaedaiwa nimecheka maana nimepita humohumo 😂

Mi kilichonitesa ni taa. Nikiwasha diya, kile kitaa cha samli, dakika mbili imezima, nawasha tena inazima, nikaanza kuingiwa na hofu labda sikubaliwi, kumbe utambi tu. Nilikua nasokota pamba nene afu naizamisha yote kwenye samli hadi kichwa. Sa hivi nasokota mwembamba kama njiti ya kiberiti, nauchovya kwanza kwenye samli iliyoyeyuka, afu nauegesha ukingoni kichwa kitokeze kidogo, unawaka mpaka samli inaisha. Samli ikiwa imeganda iyeyushe kwanza, vinginevyo moto unakosa cha kunywa.

Na jamani msipulize. Mi nilikua nazima kwa kupuliza mpaka bibi mmoja wa mandirini (hekaluni) akanidaka mkono, akasema pumzi ya mdomo haiendi kwenye moto wa puja, uache uishe wenyewe au ufunike. Mapazia nayo muyaweke mbali, sisemi zaidi.

sufuria_moja
Mi napenda kupika kwahiyo nikajua naivedya, chakula cha kumtolea mungu, ndo eneo langu, hapa siwezi kukosea. Nikapika kheer, wali wa maziwa na iliki, na kama mpishi yoyote nikaonja sukari imekolea au bado. Kumbe ndo kosa lenyewe! Cha kutolewa hakionjwi, wa kwanza kula ni mungu, we unakula baadae kikishakua prasadi, yaani kimebarikiwa. Mpaka leo mkono unanyanyuka wenyewe na kijiko, naurudisha.

Kosa la pili nilikiacha pale usiku kucha nikidhani ndo heshima. Asubuhi mstari wa sisimizi umetoka ukutani umepanda madhabahu umezunguka sanamu ya mungu wa kike Lakshmi mpaka kwenye bakuli, nikakaa pale nafuta mmoja mmoja kwa kitambaa maana kuwaua mbele yake nikaona haya. Siku hizi naweka zabibu kavu au kipande cha tunda, nakaa nacho dakika chache, tunagawana kinaisha.

ulimi_mzito
Kwangu ni Kisanskriti. Nilikua naona aibu hata nikiwa peke yangu chumbani, natamka mantra ya Gayatri kwa kunong'ona kama naiba. Nikaiweka pembeni nikaanza na fupi, Om Gam Ganapataye Namah, mara 11 tu, baada ya muda ndo nikachukua mala, ule mkufu wa kuhesabia wa shanga 108. Kwenye mala nimefundishwa usitumie kidole cha shahada, sogeza kwa gumba na cha kati, na ukifika lile shanga kubwa la mwanzo usilivuke, geuza urudi ulikotoka. Gayatri nimeirudia mwaka huu, ni mistari 3 ya silabi 8, ukiigawa hivo haitishi.

mwoga_wa_sheria
Naomba kuuliza na hapohapo kusimulia. Nilimwekea Ganesha majani ya tulsi wiki nzima, mtu akaniambia hapewi, yeye ni nyasi za durva na maua mekundu, tulsi ni ya Vishnu na Krishna, Shiva anapewa majani ya bilva. Nikaogopa nikaacha puja kabisa siku kadhaa. Nyie mngefanyaje?

mleta_mada
Ningebadilisha majani kesho yake, hofu ya nini. Krishna mwenyewe kwenye kitabu kitakatifu cha Gita 9:26 anasema jani, ua, tunda au maji, kikitolewa kwa mapenzi anakipokea. Mi nadhani wanaoanza tunauliwa na hizi orodha za usifanye kuliko uvivu. Zijue taratibu, ila usisubiri kuzijua zote.

zamu_ya_usiku
Sisi wa zamu asubuhi ndo tunalala, kwahiyo mi naoga nikirudi nawasha taa hiyohiyo saa ninayofika, haijalishi jua liko wapi. Nikiwa safarini nafanya manasa puja, unafumba macho unamtolea kila kitu kwa mawazo, ua kwa ua. Nilidhani ni njia ya wavivu, jaribu uone, akili inatoroka kabla hujafika kwenye udi.

mama_kichanga
Nyie wote hamjaitaja kengele ya puja. Nina mtoto wa miezi 2, kulala kwake ni kwa kubembeleza, kengele ikilia tu puja imeishia hapo. Mnafanyaje?

sufuria_moja
Wa kwangu alikua hivohivo. Nikaufunga ulimi wa kengele kwa uzi nikawa naitikisa kimyakimya. Mtoto hasikii, na Ganesha masikio anayo makubwa.